Seva ya printa ipewe mashine pepe yake

Ofisi za uwakala wa forodha hapa Mombasa, kuanzia Moi Avenue hadi Shimanzi, bado zinatumia karatasi nyingi sana. Taarifa za mizigo zinawasilishwa kwa mtandao siku hizi, lakini ankara na hati anazobeba dereva zinataka karatasi, muhuri na sahihi. Printa ikinyamaza saa nane mchana lori likiwa linangoja, ofisi nzima inasimama. Kwa hiyo kila anayeniomba ushauri namwambia jambo moja kabla ya mengine: kazi ya kuprinti ipewe mashine pepe yake peke yake (kompyuta ya kiprogramu inayoishi ndani ya seva halisi), hata kama ni ndogo.

Wengi huipachika kwenye seva ileile inayohifadhi majina na nywila za wafanyakazi, kwa kuwa ipo tayari. Julai 2021 ilionyesha hatari yake. Hitilafu iliyopewa jina PrintNightmare iligunduliwa kwenye huduma ya Windows inayosimamia foleni za printa, na huduma hiyo huendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa ya mashine. Mvamizi aliyeipenya alimiliki seva nzima. Na kama seva hiyo ndiyo yenye nywila za watu wote, hapo hakuna kilichobaki. Linux nayo haikusalimika. Septemba 2024 ilibainika kwamba cups-browsed, programu inayoandamana na CUPS (mfumo wa kuprinti wa Linux) kutafuta printa mtandaoni, ilikuwa inapokea ujumbe kutoka kwa yeyote kupitia poti 631 ya UDP. Ofisi yenye printa tano zinazojulikana zilipo haina haja nayo. Izime.

Mimi hutumia Debian, aina mojawapo ya Linux, pamoja na CUPS. Kwa ofisi ya watu ishirini hivi, kumbukumbu ya GB 2 na diski ya GB 20 zinatosha. Usibane sana upande wa prosesa, maana kuna printa zinazotaka seva izichoree ukurasa nukta kwa nukta. Ukurasa wa A4 wa rangi kwa nukta 600 kwa inchi una nukta karibu milioni 35, yaani takriban MB 104 kabla ya kubanwa. Mtu akituma kurasa arobaini zilizoskaniwa, utaona kazi inavyokwenda.

Mtandao wa mashine pepe uwe wa daraja, si NAT (ambapo mashine pepe hujificha nyuma ya anwani ya seva inayoibeba). Ukiwa wa daraja, seva inapata anwani yake kwenye mtandao wa ofisi kama kompyuta nyingine yoyote. Ukiwa nyuma ya NAT, matangazo ambayo printa za kisasa hutumia kujitambulisha, yanayopita 224.0.0.251 poti 5353, hayavuki. Seva na printa zote zitengewe anwani za kudumu kwenye ruta. Malalamiko mengi ya "printa imepotea" chanzo chake ni printa iliyobadilishiwa anwani usiku.

Zile printa za pini na utepe, zinazogonga karatasi za nakala tatu, zina shughuli yake. Nyingi zina tundu la zamani la paraleli, na seva za leo hazina pa kulichomeka. Usihangaike kutafuta waya wa kugeuza paraleli kuwa USB na kuupitisha hadi ndani ya mashine pepe. Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe, haina njia yake ya kufanya hivyo, na hata penye uwezo huo, siku utakapoihamishia mashine pepe kwenye seva nyingine waya utabaki ulikokuwa. Nunua kisanduku kidogo cha kuiunganisha printa na mtandao, kisha uifikie kwa poti 9100.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalifikirii ni foleni yenyewe. Ingia /var/spool/cups utaziona faili za aina mbili: zinazoanza na c, zenye maelezo ya kazi, na zinazoanza na d, zenye hati yenyewe. Ukipiga snapshoti, yaani nakala ya hali ya mashine pepe kwa wakati huo, foleni inaingia ndani pamoja na kila kitu. Ofisi moja ilipiga yake mchana, printa ya ankara ikiwa imeishiwa karatasi na kazi zimelala zikisubiri. Karatasi ikatiwa, ankara zikatoka, zikapelekwa. Siku ya pili sasisho likaleta matata, snapshoti ikarudishwa. Seva ilipoamka ikakuta kazi ambazo kwa kumbukumbu yake hazijachapishwa, ikazituma. Printa ikaanza kugonga ankara za jana, nambari zilezile, na karani alikuwa ameshabeba mbili kuzipeleka kwa mteja kabla mtu hajashtuka.

Kwa hiyo kabla ya snapshoti, zuia kazi mpya kwa amri ya cupsreject na usubiri foleni iishe. Unaporudisha, ondoa kadi ya mtandao ya mashine pepe kwanza, iwashe, futa yaliyobaki kwa cancel -a, ndipo uirudishe mtandaoni. Na kwenye mipangilio ya CUPS weka PreserveJobFiles No. Kwa kawaida CUPS huweka hati zilizokwisha kuchapishwa kwa sekunde 86400, siku nzima, na hati hizo ni pamoja na karatasi za mishahara. Si haki siri za watu zibaki wazi namna hiyo ndani ya kila bakapu.

Halafu kuna stima. Weka seva na swichi kwenye UPS, kifaa cha betri cha kushikilia stima inapokatika, lakini printa ya leza usiichomeke humo. Kipashio chake cha joto hunyonya umeme mwingi kwa mkupuo. Matokeo yake ni kwamba stima ikikatika seva iko hai na printa zimekufa. Kwa mpangilio wa kawaida wa CUPS, kazi ikifeli foleni husimamishwa, na stima ikirudi haijiamshi. Badilisha kwa kila printa, ukiweka jina lake mahali pa "ankara":

lpadmin -p ankara -o printer-error-policy=retry-job

Wafanyakazi nao waelezwe kwamba kazi iliyotumwa wakati wa giza haijapotea, wabonyeze mara moja tu. Akibonyeza mara sita, nakala sita zitatoka. Bandika maelezo hayo juu ya kila printa, kwa maandishi makubwa.