Aldabra si Diani: mnayoambiwa kuhusu kisiwa cha kobe, na ukweli wenyewe

Video za kobe wakubwa wa Aldabra zazunguka sana kwa simu za watu hapa Malindi, na kila ikitumwa kuna mtu atauliza huko kunaendwaje, na majibu anayopewa mengi si kweli kabisa. Aldabra ni atoli ya Shelisheli, yaani visiwa vya mawe ya matumbawe vimejipanga duara na katikati kuna bahari ya ndani. UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1982.

"Si mbali, twakodi boti hapa hapa twaenda." Kwa ramani kweli yashawishi, manake ukipiga mstari kutoka Malindi ni kama kilomita 970 hivi, na kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli wenyewe, ni zaidi ya 1,100. Yaani sisi tuko karibu kuliko mji wao mkuu! Lakini hizo 970 ni bahari kuu tupu, na nchi ya watu haiingiwi kwa kutokea tu. Njia ni kupanda ndege Nairobi mpaka Mahé, upige muhuri pale, halafu ndo utafute meli ya safari au boti kubwa ya kukodi, siku kadhaa baharini. Kuna uwanja mdogo wa ndege kisiwa cha Assumption, jirani yake, ila kutoka hapo bado wahitaji boti.

Na boti yenyewe ndo hoteli yako. Hili watu wengi hawalitaki kuliskia, washajiwekea picha ya banda la makuti na mchanga mweupe. Aldabra haina hoteli wala duka, hakuna wenyeji, kuna kituo cha utafiti tu kisiwa cha Picard, kilichojengwa na Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, mwaka 1971. Maji ya kunywa pale ni ya kukinga mvua. Fukwe zipo, na kasa wapanda kutaga, lakini sehemu kubwa ya nchi ni jabali la matumbawe lililonyanyuka, mpaka mita 8 juu ya bahari. Ukitaka kujua liko vipi nenda pale Nguzo ya Vasco da Gama maji yakitoka, uchungulie ule mwamba: chini umeliwa na mawimbi, juu ni ncha na vishimo vitupu, na ndala yako ukikanyaga vibaya yatoboka na mguu wakatika. Sasa huko ni hivo kilomita kwa kilomita. Kwa hiyo viatu ni vya soli ngumu, na dawa za vidonda beba za kutosha, manake hospitali iko Mahé.

Wengine wasema nenda Agosti, ndo hakuna mvua. Mvua ni kweli hakuna, lakini Agosti ni kusi, na mvuvi yeyote wa hapa akwambia kusi likishika vyombo vidogo haviendi mbali. Huko Aldabra ni vile vile, upepo wapiga kuanzia Aprili mpaka Oktoba hivi na kushuka kutoka melini kuingia kidau kidogo inakuwa hatari. Kaskazi ndo bahari yatulia zaidi, ingawa mvua ipo, na hata huo mwisho wa msimu si wa kuamini sana: Aprili 2016 kimbunga Fantala kilipiga Farquhar, visiwa vingine vya Shelisheli upande wa mashariki. Pia uliza bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, liko lini. Maji ya ile bahari ya ndani yaingia na kutoka kwa milango michache, bamvua tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3 hivi, na mkondo pale mlangoni si wa kuogelea kienyeji. Maji yakitoka sehemu kubwa yabaki kavu, kwa hiyo ratiba yako yote yafuata maji, si saa yako.

Kuhusu kobe wenyewe, naskia ati wamebaki wachache. Sivyo. Wako kama laki moja. Walikaribia kuisha kweli, mwaka 1874 mwanasayansi Charles Darwin na wenzake waliandika barua kwa gavana wa Mauritius kuomba wahifadhiwe, na kuhifadhiwa ndo kumewafikisha hapo. Halafu kuna hii ya kobe kutoweza kuvuka bahari. Desemba 2004 kobe wa aina hiyo alitoka baharini akitembea pale Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, amekonda, miguu imejaa vile vigamba vinavyoganda chini ya mashua, na ukubwa wa vile vigamba ulionyesha ameelea wiki sita, saba. Kuna wanaosema ni ile tsunami ya mwezi huo huo iliyomleta, lakini yeye alifika kabla ya tsunami. Wanachanganya na yule kiboko mtoto wetu, Owen, aliyeokolewa hapa Malindi siku iliyofuata tsunami akapelekwa Haller Park, bustani ya wanyama kule Bamburi, Mombasa, akamganda kobe mzee wa Aldabra. Na kama nia yako ni kumuona kobe tu, ntakwambia bila kuficha, Bamburi yatosha, pesa zako kaa nazo.

Ruhusa ya kushuka yatoka kwa Seychelles Islands Foundation, SIF, wao ndo wasimamizi, na yaombwa mapema kabla hujalipa boti. Kuna ada, kuna sehemu maalum za wageni. Viatu na mabegi yaangaliwa mbegu na udongo, na usikasirike, manake vya kuletwa ndo huharibu: pale kuna ndege asiyeruka, wa mwisho wa aina hiyo upande wa magharibi wa Bahari Hindi, na paka wa kuletwa walishamaliza wenzake visiwa vingine vya hapo hapo. Mbuzi waliachwa huko zamani wakala majani ya kobe, kuwamaliza ikachukua miaka na miaka mpaka 2012.

Na usiende ukidhani mbali ndo safi. Mwaka 2019 vijana wa kujitolea walitoa kama tani 25 za taka, nyavu, kamba, na ndala kwa maelfu, na zilizobaki zilikadiriwa kama tani 500. Hakuna mtu aliyezitupa pale, zote zaletwa na mkondo.

Mwisho, Mkenya haombi viza Shelisheli, kweli, ila kibali cha kusafiri cha mtandaoni lazima ukijaze kabla ya ndege, na kadi ya homa ya manjano pia. Hiyo chanjo yaanza kuhesabika siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo usingoje wiki ya safari.