Sifa za endi wa ulinzi: namba zinazocheza futiboli ya Kimarekani ndani ya kompyuta

Sifa ya mchezaji, katika gemu za kuiga michezo, ni namba inayoiambia kompyuta mchezaji fulani anaweza nini katika jambo moja mahususi. Kasi 88, nguvu 74, kusoma mchezo 61. Mfululizo wa Madden NFL, ulioanza mwaka 1988, umewazoesha watu mizani inayoishia 99. Lakini kwenye Madden pedi iko mikononi mwako, na vidole vyepesi vinaweza kumbeba mchezaji mzito. Ipo aina nyingine ya gemu, mfano Front Office Football iliyotoka mwaka 1998, ambako wewe ni meneja. Unachagua wachezaji, unapanga mbinu, kisha kompyuta inaicheza mechi yote peke yake. Humo sifa ndizo zinazocheza, na zikipangwa vibaya hakuna kidole cha kuziokoa.

Nitaieleza dhana hii kwa kutumia nafasi moja tu uwanjani, endi wa ulinzi. Ukimtoa kwotabeki, yaani anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, sioni nafasi nyingine inayompima mbunifu wa gemu kama hii.

Kwa asiyeufuata mchezo: timu mbili za watu 11, na yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kila jaribio linaanza safu mbili za watu wazito zikiwa zimetazamana. Endi husimama kwenye ncha ya safu ya ulinzi, kulia au kushoto, na mbele yake kuna mzuiaji ambaye mara nyingi ana mikono mirefu na kilo 140. Mpira ukianzishwa, endi anakabiliwa na moja ya kazi mbili, na hajui ni ipi mpaka aione. Ikiwa ni pasi, ampite mzuiaji na kumfikia kwotabeki kabla hajarusha. Ikiwa ni mbio, aushike ukingo, yaani asimruhusu mbeba mpira kuzunguka kwa nje. Kumwangusha kwotabeki nyuma ya mstari akiwa bado ana mpira huitwa saki. NFL, ligi kuu ya mchezo huu Marekani, ilianza kuzihesabu saki rasmi kwa kila mchezaji mwaka 1982, na endi Bruce Smith alistaafu akiwa nazo 200.

Kishawishi cha kwanza ni kutengeneza sifa iitwayo saki na kumpa Smith 99. Ukifanya hivyo umeweka matokeo mahali pa sababu. Saki huzaliwa na mambo mengi yaliyofuatana ndani ya sekunde tatu hivi, na mengine hayamhusu endi kabisa. Sifa iliyobuniwa vizuri hujibu swali moja ambalo injini ya gemu, yaani programu inayoamua matokeo, inauliza kwa wakati mmoja. Kwa hiyo njia bora ya kuzipata sifa za endi ni kulifuata jaribio la pasi hatua kwa hatua na kusikiliza maswali yenyewe.

Swali la kwanza ni nani ameondoka mapema. Naiita sifa hii mchomoko, na ninaitenganisha na kasi kwa makusudi. Kasi ya yadi 40, ambayo maskauti, yaani wasaka vipaji, huipima kila mwaka kabla ya klabu kuwachagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, haina nafasi ya kutosha kuonekana katika yadi nane za kumfikia kwotabeki. Kinachohesabika ni hatua mbili za mwanzo. Ila mchomoko uwe na gharama. Endi anayebahatisha muda wa mpira kuanzishwa ataruka mapema siku nyingine, na kuvuka mstari kabla ya wakati ni adhabu ya yadi 5. Weka nidhamu pembeni yake. Mwenye mchomoko 92 na nidhamu 45 awe hatari kwa pande zote mbili, hasa ugenini au kwotabeki anapobadilisha mdundo wa sauti yake ya kuanzisha jaribio.

Swali la pili linakuja miili inapogusana: atapita vipi? Hapa gemu nyingi, Madden ikiwamo, hutenganisha mbinu za nguvu na mbinu za wepesi, na naona ni uamuzi sahihi. Reggie White, aliyemaliza na saki 198, alikuwa na uwezo wa kumwinua mzuiaji kwa mkono mmoja na kumtupa kando. Mwaka 1987, katika msimu uliofupishwa na mgomo, alipata saki 21 kwa mechi 12. Dwight Freeney wa Indianapolis Colts alikuwa na kimo cha mita 1.85 hivi, kifupi kwa nafasi hiyo, naye alifanya kazi yake kwa kujizungusha kama pia ya kuchezea wakati mzuiaji amekwisha kuegemea nje. Aliongoza ligi mwaka 2004 kwa saki 16. Ukiwapa White na Freeney sifa moja iitwayo kushambulia pasi, wote watapata 97 na gemu itakuwa imewafanya mtu mmoja. Ukiwagawia msukumo (nguvu) na chenga (wepesi), kila mmoja atamtesa mzuiaji wa aina yake: White amwonee mwepesi, Freeney amwonee mzito.

Uzuri wake ni kwamba mbinu hizo mbili hulishana. Mzunguko wa Freeney ulifaulu kwa sababu wazuiaji waliogopa mchomoko wake wa nje na kukimbilia huko. Injini nzuri ikumbuke jaribio lililopita: mzuiaji aliyepitwa nje mara mbili aanze kuegemea nje, na chenga ya kuingia ndani ipande thamani. Hilo halihitaji sifa mpya kwa endi, linahitaji kumbukumbu kwa mzuiaji.

Halafu kuna mnyumbuko, ambao wabunifu wengi huusahau. Endi akishafika usawa wa bega la mzuiaji lazima akate kona kali kwa kasi, mwili ukiwa umelala karibu na nyasi, vifundo vya miguu vikibeba uzito wote. Asiyenyumbulika hupita nyuma ya kwotabeki na kujikuta hewani. Ukiuingiza mnyumbuko ndani ya wepesi wa jumla, endi wako atapata alama ile ile na mchezaji anayejua kukimbia zigizaga tu, na mambo haya mawili hayafanani.

Baada ya kupita, bado hajamaliza. Amkabe. Kwotabeki mwepesi humwacha mtu amesimama, na hapo ukabaji na kasi ya kufukuza ndipo vinapoingia. Na asipofika kabisa, je, anainua mikono? J.J. Watt wa Houston Texans, mwaka 2012, alikuwa na saki 20.5 na pasi 16 alizozigusa au kuzizuia. Pasi hizo 16 ni kazi ya mtu ambaye mara nyingi alikuwa bado hajamfikia kwotabeki. Urefu wa mikono na uwezo wa kuruka vinastahili kuhesabiwa, la sivyo gemu itamwona Watt amezuiwa wakati ameua jaribio.

Mpaka hapa nimechanganya vitu viwili ambavyo kwenye hifadhidata ni lazima vitengane: mwili na ufundi. Vernon Gholston alichaguliwa wa sita mwaka 2008 na New York Jets, akiwa na nguvu na kasi zilizowastaajabisha maskauti. Alicheza misimu mitatu huko bila saki hata moja. Terrell Suggs, miaka mitano kabla yake, alikimbia yadi 40 kwa muda uliowatia watu wasiwasi, ingawa ndiye aliyekuwa ametoka kuweka rekodi ya saki 24 katika msimu wa chuo kikuu. Baltimore Ravens wakamchukua wa kumi, na alimaliza kazi yake na saki 139. Gemu inayojenga alama ya endi kwa vipimo vya mwili peke yake itamfanya Gholston mfalme na kumtupa Suggs. Mwili uweke dari ya kile kinachowezekana. Mikono, kusoma mchezo na chenga ndivyo viamue mchezaji yuko wapi chini ya dari hiyo.

Mtengano huo ndio unaofanya maendeleo ya mchezaji yawe na maana. Ezekiel Ansah, Mghana, alifika chuo kikuu cha Brigham Young mwaka 2008, akajaribu kikapu na riadha, akaanza futiboli mwaka 2010. Mwaka 2013 Detroit Lions wakamchagua wa tano, na mwaka 2015 alipata saki 14.5. Mwaka huohuo wa 2013 Colts walimsajili Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga ambaye hakuwahi kuicheza futiboli hiyo, wakamweka lainibeka wa nje, nafasi iliyo jirani kabisa na endi. Aliingia uwanjani katika mechi chache, zaidi kwenye vikosi vya mipira ya kupigwa kwa mguu. Wote wawili wangeingia kwenye hifadhidata wakiwa na miili ya alama 90 na ufundi wa 30. Kinachowatofautisha ni sifa isiyoonekana, ile ya kasi ya kujifunza, pamoja na muda ambao klabu iko tayari kusubiri. Ningeificha sifa hiyo kabisa machoni mwa mtumiaji. Meneja halisi haioni.

Kazi ya mbio nitaipita haraka, si kwa sababu ni ndogo, bali maswali yake ni machache. Je, endi ana nguvu ya kusimama imara akisukumwa? Je, anajinasua kwa mzuiaji kwa wakati? Je, anasoma kwamba hii ni mbio, au amedanganywa na mkono wa kwotabeki uliojifanya kurusha? Nidhamu inarudi hapa kwa sura nyingine: endi mwenye uchu wa saki hukimbilia ndani kila mara na kuuacha ukingo wazi. Sifa hizi zivutane na zile za pasi, ili meneja alazimike kuamua nani aingie kwenye jaribio la tatu lenye yadi 9 na nani aingie likiwa na yadi 1.

Sasa hesabu. Tuseme injini inalikagua pambano la endi na mzuiaji kila nusu sekunde, na tofauti ya alama zao inampa endi nafasi ya asilimia 8 ya kuponyoka katika kila ukaguzi. Kwotabeki akirusha baada ya sekunde 2, kaguzi ni nne, na nafasi ya kuponyoka ni karibu asilimia 28. Akishikilia mpira sekunde 3.5, kaguzi ni saba, na nafasi inafika asilimia 44. Endi hajabadilika hata alama moja. Mabeki wa nyuma ndio waliowaziba wapokeaji wa pasi na kumnunulia sekunde moja na nusu. Ukitaka kujua kama gemu imeielewa nafasi hii, iangalie hapa: saki za endi zipande timu ikiwa na mabeki wazuri.

Kuponyoka kusigeuke saki moja kwa moja. Chukua endi mzuri mwenye saki 12 kwa mechi 16, ukadirie pasi 35 kwa mechi: ni majaribio 560, na saki zake ni kama asilimia 2 tu. Michael Strahan alipopata 22.5 mwaka 2001, kwa makadirio hayohayo ilikuwa asilimia 4. Tofauti kati ya msimu mzuri na msimu wa kuvunja rekodi ni pointi mbili za asilimia. Mbunifu anayeongeza saki kwa ulalo ulionyooka kila alama zinapopanda atamaliza msimu akiwa na endi mwenye saki 40. Mkunjo ulale kadiri unavyokaribia juu, na uwezo wa ziada ujionyeshe kwa njia nyingine: kwotabeki kurusha ovyo, mzuiaji kumshika isivyo halali na timu yake kurudishwa yadi 10, au watu wawili kulazimika kumzuia mmoja huku mwenzake akibaki na mzuiaji mmoja tu.

Zama nazo zina sauti. Deacon Jones wa Los Angeles Rams aliwatisha wazuiaji wa miaka ya 1960 kwa kuwapiga kofi la kichwa mpira ukianza, mbinu iliyopigwa marufuku mwaka 1977. Anayeiga msimu wa 1967 na kutumia sifa za leo atakosa silaha hiyo, na ataikosa pia idadi rasmi ya saki ya kupimia kazi yake.

Imebaki alama ya jumla, ile namba moja kubwa iliyo kando ya jina. Kwa endi naiona inapotosha isipofungwa kwenye mfumo. Katika ulinzi wa watu wanne mbele, endi ndiye mwindaji wa kwotabeki. Katika ule wa watu watatu mbele, mara nyingi ni mtu mzito zaidi anayeshikilia mapengo mawili kati ya wazuiaji ili malainibeka wa nje wawinde. Endi yuleyule awe 86 kwenye timu moja na 71 kwenye nyingine, bila sifa yake hata moja kuguswa. Watt aliwinda akiwa katika mfumo wa watu watatu, kwa hiyo uzito wa mfumo uelekeze tu, usimfungie mtu mlango.

Kabla ya kuitoa gemu, fanya jaribio hili. Chukua endi mmoja wa kawaida, uchezeshe msimu mara elfu moja, kisha mwongezee alama 10 kwenye sifa moja pekee na urudie. Rudia kwa kila sifa. Mchomoko ukileta presha zaidi na adhabu zaidi, uache. Msukumo na chenga zikileta badiliko lilelile dhidi ya wazuiaji walewale, bado hazijatenganishwa ndani ya injini, hata kama kwenye skrini zina majina mawili. Na sifa ambayo nyongeza yake haibadilishi kitu chochote, ifute.