Celia Cruz hakuwafundisha Wakongo rumba

Kila ninapoanza na kundi jipya la salsa, lazima atokee mtu wa kunionyesha ile video ya Kinshasa, Celia Cruz, mwimbaji wa Kuba, jukwaani na Fania All Stars, bendi ya salsa ya New York. Kisha ananieleza bila hata kusita: "Mwalimu, hapa ndipo Wakongo walipojifunza rumba." Jamani, nimechoka.

Tamasha lile lilifanyika Septemba 1974, kusindikiza pambano la Ali na Foreman (pambano lenyewe likasogezwa hadi Oktoba 30, maana Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini). Sasa rudi nyuma kidogo. Santuri za GV (mfululizo wa rekodi za kampuni ya HMV) zenye nyimbo za Kuba zilianza kuuzwa Afrika miaka ya 1930. Mwanamuziki wa Kongo Wendo Kolosoy alirekodi "Marie-Louise" mwaka 1948. OK Jazz, bendi ya Franco, ilianzishwa 1956. Grand Kallé na bendi yake ya African Jazz walirekodi "Indépendance Cha Cha" Brussels mwaka 1960, mwaka uleule ambao Celia aliondoka Havana. Na huku kwetu, Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba, na alifariki 1965. Naye alijifunzia kwenye tamasha la 1974?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dhana hii inawafanya Wakongo waonekane wanafunzi watiifu. Msikilize Docteur Nico, mpiga gitaa wa African Jazz. Ile mistari mifupi ya muziki inayojirudiarudia, kwenye bendi ya Kuba ni kazi ya piano. Yeye na wenzake waliihamishia kwenye gitaa, na sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala na watu hucheza, ikakulia humo. Hiyo ni kazi ya mafundi. Tena sehemu ya midundo hiyo ilifika Kuba na watu waliotolewa Kongo kwa utumwa, kwa hiyo swali la nani alimfundisha nani si jepesi hivyo.

Celia alikuta Kinshasa hadhira ambayo masikio yake yalishaizoea klave, ule mdundo wa mapigo matano unaoushikilia muziki wa Kuba. Akawapigia "Quimbara", wimbo uliokuwa mpya kabisa, kutoka albamu aliyofanya na Johnny Pacheco, kiongozi wa Fania All Stars, mwaka huohuo. Ukiitazama video hiyo, achana na nguo. Sikiliza anavyopokezana na waitikiaji: wao wanarudia kitu kilekile, yeye anabuni juu yake, anaingia kwa kuchelewa kidogo na bado hapotei. Ushauri wangu, na wanafunzi wangu wanaununia: zima picha, kaa chini, piga klave kwa makofi mpaka wimbo uishe. Ukishindwa, miguu isubiri.

Dhana nyingine potofu kuhusu Celia nizimalize upesi.

"Celia alizaliwa na salsa." Alijiunga na bendi ya Kuba La Sonora Matancera mwaka 1950. Jina salsa lilikuja kushika kasi New York baadaye sana. Celia alikuwa mwimbaji wa guaracha, muziki wa Kuba wa kasi na wa mzaha, na asiyesikiliza rekodi zake za miaka ya 1950 asinifundishe habari za Celia.

"Alikimbilia Marekani kutafuta umaarufu." Umaarufu alikuwa nao tayari. Julai 1960 aliondoka na bendi kwenda kufanya kazi Mexico, wakaamua kutorudi. Mama yake alipofariki 1962, serikali ya Castro ilimkatalia kwenda kumzika. Nyimbo zake zikafungiwa kwenye redio za Kuba.

"'La vida es un carnaval' ni wimbo wa harusi." Upigeni harusini, sina ugomvi. Lakini maneno yake yanaelekezwa kwa anayelia na kujiona yuko peke yake duniani, na ulipotoka mwaka 1998 Celia alikuwa amepita miaka 70.

Na kuna wale wanaosema ni Mpuertoriko. Alizaliwa mtaa wa Santos Suárez, Havana. Tuendelee na darasa.