Gari lako limezuiwa Kilindini: pa kuanzia kabla ya kwenda mahakamani

Kila Januari malalamiko ni yale yale. Kwa mfano, magari yaliyotumika yaliyosajiliwa Japani mara ya kwanza mwaka 2017 yalitakiwa yawe yameshafika bandari ya Kilindini, Mombasa, kufikia tarehe 31 Desemba 2024. Meli ikichelewa njiani, ikatia nanga mwaka mpya umeingia, KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, hulikataa gari kwa kuwa limepita umri wa miaka minane (mwaka wa usajili ukiwa wa kwanza) unaoruhusiwa na KS 1515, kiwango cha kukagua magari. Mwenyewe ameshalipa kila kitu, na wazo la kwanza ni kumtafuta wakili akimbilie Mahakama Kuu.

Asikimbilie. Kesi za namna hii hufa mapema kwa sababu mlalamishi ameruka ngazi. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiserikali ulio halali, wa busara na uliofuata utaratibu wa haki. Lakini Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, inayoipa haki hiyo nguvu, yenyewe inamzuia jaji kusikiliza ombi kabla ya njia za rufaa za ndani kumalizika, isipokuwa kuwe na sababu za kipekee.

Njia hizo zina muda wake wa mwisho. Uamuzi wa KEBS hukatiwa rufaa kwenye Jopo la Viwango ndani ya siku 14. Ukibishana na KRA, mamlaka ya ushuru, kuhusu thamani ya gari au ushuru, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inakupa siku 30 kumwomba Kamishna aupitie upya uamuzi wake. Naye ana siku 30 za kujibu, na akinyamaza ombi lako huhesabiwa limekubaliwa. Akikataa, una siku 45 kufika kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru. Ndiyo maana tarehe ya kupokea barua ina thamani kuliko maelezo marefu ya jinsi ulivyoonewa.

Na barua yenyewe uidai. Kuambiwa na wakala wa forodha kwamba "gari limefeli" hakukupi cha kupeleka popote. Andika ukiomba sababu kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri. Ofisi isipotoa sababu, sheria ya 2015 inaichukulia kuwa iliamua bila sababu nzuri, mpaka ithibitishe vinginevyo.

Je, huyu wa gari la 2017 atashinda? Niseme wazi: kesi yake ni dhaifu. Kanuni ilijulikana, na ucheleweshaji ni wa kumdai muuzaji au mwenye meli. Mahakama inayopitia uamuzi haiulizi kama sera ni nzuri.

Hali hubadilika pale ofisa anapokosea jambo lililo kwenye karatasi. Miaka minane huhesabiwa kuanzia mwaka wa usajili wa kwanza, na nyaraka za Kijapani mara nyingi huandika mwaka kwa enzi ya mfalme: Heisei 30 ni 2018. Mtu akiusoma vibaya, au akishika mwaka wa kutengenezwa peke yake, gari zuri linakataliwa. Hapo una hoja, na cheti cha Japani chenye tafsiri iliyothibitishwa ndicho shahidi wako mkuu.

Hoja nyingine nzito ni kanuni kubadilishwa ghafla magari yakiwa baharini. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inataka wanaoathirika waombwe maoni kwanza, na kanuni ifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa; isipofikishwa, inakufa. Kesi hii wenye yadi za kuuza magari waifungue kwa pamoja, maana gharama yake si ya mtu mmoja.

Ukishinda, usitarajie kukabidhiwa funguo. Kwa kawaida jaji hufuta uamuzi na kuirudisha kazi kwa ofisi iliyokosea, iamue upya kwa kufuata sheria.

Wakati huo ada za kuhifadhi gari zinaendelea kupanda. Mzigo usiotolewa kwa wakati huhamishiwa ghala la forodha, na baada ya tangazo na siku 30 unaweza kupigwa mnada. Kufungua kesi peke yake hakuzuii mnada. Mwambie wakili aombe amri ya muda ya kuusimamisha siku ile ile anapowasilisha ombi, na nakala ya amri ifikishwe kwa mkono kwenye ofisi inayosimamia mnada.