Hita ya gesi: angalia rangi ya moto kabla hujaingia kuoga

Mteja aliniita hita yake ya gesi haipashi maji kama zamani. Nikafungua kifuniko huku tunapiga stori, ndo akasema, tena kama kitu cha kawaida tu, kwamba mkewe kila akitoka kuoga kichwa kinamgonga na anasikia kichefuchefu, wao wakajua ni mvuke. Niliizima hita palepale nikafungua madirisha yote. Moto niliouona ulikuwa wa njano, mrefu, unachezacheza, na juu yake kwenye mapezi ya shaba, vile vibati vyembamba vinavyopokea joto la moto, masizi yamejaa mpaka unayakwangua kwa kucha.

Moto wa gesi ukiwaka vizuri ni wa bluu na umetulia. Ukiwa wa njano mara nyingi gesi haipati hewa ya kutosha, na gesi isiyoungua vizuri inatoa kaboni monoksaidi nyingi. Hii sumu haina rangi wala harufu. Ile harufu ya gesi mnayoijua inaongezwa makusudi ili ikivuja mjue, sumu hii haina hiyo bahati, pua haikusaidii chochote. Inang'ang'ania hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, yaani unapumua kama kawaida lakini mwili haupati hewa, unalegea, unasinzia, mwisho hata nguvu ya kufungua mlango huna. Mkiona nyote ndani vichwa vinauma alafu mkitoka nje mnapata nafuu, msinywe panadol mkalala, zimeni hita, tokeni nje na muende hospitali mkawaambie habari ya hita.

Kwa yule mteja kosa lilikuwa buibui. Kweli kabisa, buibui kajenga kwenye tundu za kuingizia hewa, masizi yakaziba njia ya moshi, na lile tundu la hewa la ukutani walikuwa wamelibandika karatasi kuzuia baridi. Naombeni sana msizibe hayo matundu! Na hita inayovuta hewa ya humohumo ndani isifungwe bafuni, hata fundi akuambie bafu ni kubwa.

Kama hita yako ina bomba la moshi, iwashe kama dakika tano milango na madirisha yakiwa yamefungwa, alafu zima njiti ya kiberiti na usogeze moshi wake karibu na uwazi wa chini ya bomba. Unatakiwa uvutwe ndani. Ukirudishwa usoni kwako, zima hita, fungua madirisha, ita fundi. Hiyo ni kupima moshi tu, kuvuja kwa gesi hakupimwi na kiberiti hata siku moja, paka povu la sabuni kwenye maungio na mpira wa gesi, likitoa mapovu panavuja.

Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi yoyote, si kuwasha si kuzima, cheche moja inatosha. Funga valvu kama unaifikia, fungua milango, toka, simu piga ukiwa nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujikusanya sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake haliitoi.

Sevisi fanya mara moja kwa mwaka, na sio kufuta vumbi la nje, bana, yaani pale moto unapowakia, isafishwe, bomba likaguliwe, mpira uangaliwe tarehe yake. Weka na alamu ya kaboni monoksaidi, ibonyeze kila mwezi usikie kama inalia.

Yule mteja tulibandua karatasi, nikasafisha bana na mapezi nusu siku nzima. Nilirudi baada ya wiki mbili kuangalia moto, ulikuwa bluu, na mkewe ndo alinifungulia mlango, katoka kuoga muda huohuo.