Kumbana farasi kwa miguu hakukuzuii kuanguka

Anayepanda farasi mara ya kwanza hushauriwa na woga wake: bana miguu, vuta hatamu, hutaanguka. Ni kinyume. Farasi huhisi hata nzi akitua ubavuni. Visigino vyako vikimbana, yeye huelewa “twende”. Papo hapo unavuta hatamu, lijamu inamkandamiza mdomoni: “simama”. Amri mbili kwa pamoja! Atarusha kichwa au ataongeza mwendo, nawe utasema ni mkorofi.

Kinachokuweka juu ni mizani ya mwili: kaa katikati ya tandiko, shusha visigino, legeza magoti, tazama mbele. Na pumua, wengi wetu husahau. Ukiyumba, shika singa za shingoni au ukingo wa mbele wa tandiko, mdomo wake uuache.