Acheni kumtoroka mtoto getini

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nimemkuta mama mzima, kapendeza, na pochi yake ya kazini mkononi, kachuchumaa nyuma ya tenki la maji la shule. Kajificha. Anamkimbia mtoto wa miaka mitatu. Namsalimia ananiwekea kidole mdomoni, shhh ticha, asinione.

Huu mwaka wa kumi na nne nafundisha bebi klasi hapa Dar na kila Januari lazima nimkute mtu nyuma ya lile tenki, kina mama, kina baba, hadi bibi mmoja na magoti yake yale alijibanza pale, na ukiwauliza jibu lao ni moja tu, akiniona naondoka atalia, bora nimuache anabembea niteleze. Nimesema kwenye vikao. Nimesema kwenye grupu la WhatsApp, wananiwekea dole gumba, kesho yake wapo kwenye tenki. Basi leo naandika.

Atalia, ndiyo. Kwani nani kasema asilie? Yaani umemzaa, umemlea miaka mitatu hajawahi kukaa na mtu zaidi ya wewe na dada na bibi yake, leo unamkabidhi kwa mwanamke asiyemjua na watoto ishirini na tano wenye kamasi, halafu unataka acheke? Mi mwenyewe siku ya kwanza kazini nililia chooni na nilikuwa na cheti.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo penye ishu. Siku ya kwanza kumtoroka kunafanya kazi, sikatai, na huo ndo mtego wenyewe. Mtoto yuko kwenye bembea, wewe huyo, umepanda bodaboda, unapiga simu saa tatu naye yuko kimya unasema si nilisema? Lakini hujui kichwani kwake kumepita nini. Yeye hajui habari za kazini wala foleni ya Ubungo. Anachojua alikuwa anacheza, akageuka, mama hayupo. Na watoto wanapiga hesabu jamani msiwaone wadogo, hesabu yake inasema nikicheza mama anapotea. Kwa hiyo siku ya pili hachezi. Anasimama anakukodolea macho, bembea hataki, midoli hataki, kakamata sketi yako kwa mikono miwili. Siku ya nne anaanza kulia nyumbani ukimvalisha soksi. Na usiku anaamka anapapasa kitanda kuhakikisha upo, na huwezi kwenda hata chooni bila kugongewa mlango. Halafu mzazi ananijia, ticha hii shule imembadilisha mwanangu. Shule!

Kuna toleo baya zaidi, la dukani. "Mama anaenda dukani kukuletea biskuti, sasa hivi narudi." Nilikuwa na binti mmoja aliambiwa hivyo siku yake ya kwanza, akaitikia vizuri tu hata machozi hakutoa, akavaa begi mgongoni akaenda kukaa kwenye kizingiti cha darasa anasubiri biskuti. Saa mbili anasubiri. Saa nne tumekunywa uji, yeye kikombe kapokea ila hajatoka kizingitini. Saa sita na nusu mama kaja, na biskuti hakukumbuka. Sasa darasani tuna kona ya duka, makopo matupu ya maziwa, mizani ya kuchezea, watoto wanauziana mchanga, kona hiyo kila mtoto anaipenda, na yule binti muhula mzima hakusogea pale, ukisema tu twende dukani anaanza kutafuta viatu vyake. Hapo nilikoma kusema ni kauongo kadogo.

Na huu woga wa kuachwa hauna uhusiano na kudekezwa, maana najua kina baba mnasubiri hapo. Huanza mtoto akiwa na miezi kama minane hivi, unapanda mpaka mwaka na kitu, halafu unashuka taratibu. Kwa hiyo unayempeleka wa mwaka na nusu jua unapanda mlima zaidi ya mwenye wa miaka minne, siyo kwamba wako ana kasoro. Kuna mtafiti Mary Ainsworth, mwaka 1954 na 1955 alikuwa anazunguka vijiji vya jirani na Kampala akiwaangalia kina mama na watoto wao wachanga, familia 26, hapo hapo Uganda, na watu wanadhani haya mambo ni ya wazungu tu. Alichokiona kila mmama wa uswahilini anakijua ila hajakipa jina: mtoto anatambaa anamwacha mama aende akachungulie kuku, akisogea kidogo anageuka kuangalia mama yupo, yupo, anaendelea na kuku wake. Mama akiwa wa uhakika ndo mtoto anapata ujasiri wa kwenda mbali. Ukimtoroka umemuondolea ule uhakika, halafu unamlaumu mbona haendi kwa kuku.

Sasa na mimi nisijifanye malaika. Huu mtindo wa kutoroka nani kawafundisha wazazi? Sisi walimu. Tuko wawili, watoto ishirini na sita, asubuhi saba wanalia kwa mpigo na mmoja kajitapikia, hapo ukija na wako ametulia kwenye bembea nakwambia mama Fulani pita mlango wa jikoni haraka. Nimefanya hivyo. Miaka ya mwanzo nilifanya karibu kila siku, na niliona nawasaidia, kumbe nilikuwa najisaidia mwenyewe nipate asubuhi tulivu, kilio kinahamia nyumbani kwenu usiku ambako mi sikisikii.

Na tena kuna watoto wanaonichanganya. Wapo ambao kuaga kukizidi hata dakika mbili wanachemka upya kila mzazi akigeuka, hao ni kuaga mara moja tu, kwa kifupi, na kuondoka. Wapo wanaolia kwa mama tu, akiletwa na baba au dada anaingia kama bosi. Nilikuwa na mmoja alilia wiki saba. Saba! Tulifanya kila kitu nilichokiandika hapa na kila nisichokiandika, halafu Jumatano moja akaacha, akachukua kikombe akaenda kukaa na wenzake, na mpaka leo sijui ni nini kilibadilika. Ningependa kusema ni ufundi wangu.

Anayelia hanipi presha sana. Presha naipata kwa anayenyamaza ghafla siku ya tatu, hali, hachezi, hagombani na mtu, anakaa tu kama abiria stendi, na mzazi anashukuru mwanangu kazoea. Hajazoea, amekata tamaa, na vitu hivi kwa nje vinafanana sana. Aliyezoea utamjua, anamnyang'anya mwenzie gari.

Haya, kuaga kwenyewe hakuna uchawi. Unamwambia unaondoka, unamwambia utarudi lini kwa saa zake yeye, yaani ukishakunywa uji, ukicheza nje, mkiimba ile nyimbo ya mwisho, mama yupo getini. Unambusu, unanikabidhi mkononi, unaondoka, na usirudi kuchungulia dirishani maana wananiona mimi wanakuona na wewe. Na uso wako jamani! Unamwambia shule nzuri huku machozi yanakutoka, sasa akuamini mdomo au macho? Lia, ila kalilie kwenye bajaji.

Kisha urudi muda uliosema. Hapa ndo wazazi wa Dar mnaniua. Wenzie wamechukuliwa wote, mlinzi kashafagia, yeye na mimi kwenye benchi kila pikipiki ikipita anasimama. Kama unajua utachelewa usiseme mama atakuja, sema dada atakuja, na kweli aje dada.

Kama anahitaji kitu cha kushika mpe kanga yako uliyoivaa, isiyofuliwa, harufu yako inamtuliza kuliko mimi. Mmoja alikuja na kanga ina jina la mipasho ya mke mwenza, kailaza mezani kaitandaza vizuri, mwalimu mwenzangu akabaki anaisoma anaguna. Tukaikunja tu.

Mafua ataugua sana mwaka wa kwanza, mzoee. Akirudi kukojoa kitandani msimchape, kunapita. Chakula asipokula wiki ya kwanza atakula jioni kwako. Na wale wa "asipoanza sasa atachelewa", sera ya elimu ya 2014 ilizungumzia elimu ya awali isiyopungua mwaka mmoja kwa watoto wa kati ya miaka 3 na 5, kwa hiyo wako wa miaka miwili na nusu hajachelewa popote, kama sababu ni kwamba nyumbani hakuna wa kumwangalia sema hivyo, ni sababu nzuri tu na wala siyo aibu.

Yule mama wa kwenye tenki nilimtoa. Nikamshika mkono tukaenda wote kwenye bembea, akamwambia mwanae naenda kazini, ukishacheza nje mara ya pili nakuja. Mtoto alipiga ukelele mpaka mlinzi akaja. Mama alitaka kuniua kwa macho. Nikaangalia saa, dakika kumi na moja, halafu mtoto akaniuliza ile bembea nyekundu ni ya nani.

Leo Alhamisi bado analia, dakika nne hivi. Wiki ijayo napokea wapya watano, nimeshamwambia mlinzi mlango wa jikoni asubuhi aufunge, na funguo nimekaa nayo mimi.